Nzi wa Nywele za Mama

Juzi nilikuwa saluni pale Qurum, hapa Maskati, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, najitayarisha kwa harusi ya binamu yangu. Msichana aliyekuwa akinihudumia akafungua kichupa cha rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Harufu ilinifika kabla sijaona alichoshika. Nikamwambia basi, inatosha, nikalipa, nikatoka na kucha za mkono mmoja zinang'ara na za mkono wa pili kavu. Harusini nilikaa muda wote nimeuficha mkono ule chini ya mtandio, na shangazi zangu wakadhani naringa.

Kwa wanawake wengi harufu ile ni ya sikukuu. Kwangu mimi ni ya meza ya baba yangu, na ya mwanamke aliyeitwa Sesilia, ambaye nilimfanyia ubaya nilipokuwa na miaka tisa. Nawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia Azaiba wakati barabara ya pwani bado ina mchanga mwingi kuliko mikahawa, kwa sababu hamtahitaji maelezo mengi. Mkinielewa, vyema. Mkinihukumu, pia sawa.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye visima vya mafuta, ndani kabisa jangwani. Wiki mbili yuko huko, wiki mbili yuko nasi. Na ni huko jangwani, mahali pasipo na hata dimbwi, ndiko alikofundishwa kuvua. Mzungu mmoja mzee waliyefanya naye kazi alikuwa kila akimaliza zamu anasimama nje ya chumba chake na kurusha mshipi juu ya mchanga, akilenga tairi bovu. Baba alimcheka, kisha akaomba ajaribu, kisha hakuacha tena. Yule mzee alipostaafu alimwachia ufito wake mrefu, mshipi wake mnene wa rangi ya ndimu, na jiliwa ndogo ya kubana kwenye meza.

Uvuvi wenyewe haukuwa kama wa watu wengine. Hutii dagaa wala pweza kwenye ndoana. Unachukua ndoana ndogo, unaibana kwenye jiliwa, unaifunga manyoya na nyuzi mpaka ifanane na kaa mchanga au kamba mchanga, kisha unapaka fundo la mwisho rangi ya kucha ili lisifunguke majini. Kitu hicho kinaitwa nzi, ingawa nzi wa baba hawakufanana na nzi yeyote niliyewahi kumfukuza kwenye sinia la halua. Kichupa cha rangi alikinunua dukani, mtaa wa Hamriya, na muuzaji alikuwa akimuuliza kila mara kama madamu hataki na nyekundu.

Akinichukua, tulikwenda ufukwe wa Qurum asubuhi, maji yakiwa yamepwa. Pale maji yakitoka hubaki eneo refu la mchanga wenye maji ya magotini, safi mpaka unaona vidole vyako. Baba alitembea humo polepole, akiinua mguu na kuushusha bila kurusha tone, na mimi nyuma yake nikikanyaga alipokanyaga. Hakutazama samaki, alitazama vivuli vyao. Akiona kivuli cha kolekole kinachimbua chini kutafuta kaa, na ncha ya mkia imechomoza juu ya maji, alisimama. Mshipi ukaanza kwenda mbele na nyuma juu ya vichwa vyetu, mara tatu, mara nne, haugusi maji, unalia hewani, kisha nzi anatua mbele ya kivuli. Nilikuwa nikiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mara nyingi samaki alikimbia. Mara chache alikula. Na akila, akapigana, akaletwa mpaka mikononi, baba alimtazama, akamtoa ndoana na kumwachia. Ndoana zake zote alikuwa ameziminya kwa koleo ile ncha ya nyuma, ili zitoke bila kuchana.

"Anakwenda wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Mbali. Kwenye kina kirefu."

"Atarudi?"

"Wapi! Huyu harudi tena hapa."

Nyumbani Bibi, mama yake baba, alikuwa akitusubiri mlangoni na ulimi wake. Bibi alizaliwa Unguja, akalelewa Unguja, na hakuwahi kuisamehe Maskati kwa kutokuwa Unguja.

"Haya, wavuvi. Iko wapi kitoweo?"

"Tumewaachia, mama."

"Mmewaachia! Mtu mzima na ndevu zake kenda kutwa juani, kamshika samaki wa Mungu, kamtoboa mdomo, kisha kamwachia. Nnakuuliza mwanangu, huyo samaki mna khasama gani?"

"Nzi kufa juu ya kidonda si haramu," baba alimjibu akicheka, na Bibi akacheka pia, maana alimpenda mno mwanawe asiweze kumkasirikia muda mrefu.

Jiliwa ilikaa kwenye meza ya chumba cha kufulia nyuma ya nyumba, kwa sababu Bibi hakutaka manyoya ndani. Mlango wa pili wa chumba hicho ulikuwa wa chumba cha Dada Sesilia, mfanyakazi wetu. Alikuja kwetu nikiwa na miaka sita, kutoka Singida, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito aliyeimba nyimbo za kanisani akipiga pasi, na kuzipunguza Bibi akipita. Ijumaa asubuhi alipanda basi kwenda kanisani Ruwi na kurudi na kashata kwenye mkoba. Baba akiwa jangwani, mimi nilishinda kwenye meza ile nikijifunza kufunga, na Dada Sesilia ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa manyoya.

"Hayo ya mkiani magumu," alisema. "Chukua ya shingoni, ndiyo laini. Nyie watu wa pwani mnamjua kuku akishakuwa juu ya wali tu."

Manyoya aliyaomba kwa jirani aliyefuga majogoo, akaniwekea kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda chake, kwa kuwa upepo wa kiyoyozi uliyapeperusha mezani. Kwa hiyo nilikuwa nikiingia na kutoka chumbani kwake kama kwangu. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema ili lisije likasahauliwa huko mbele.

Sasa mama yangu. Mama alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ubavu. Kisha mimba ikatoka, na baada ya miezi mimba nyingine ikatoka, na kicheko kikaondoka nazo. Akawa analala mchana, anasikia baridi Maskati mwezi wa jua kali, anasahau chungu jikoni. Halafu nywele zikaanza kumtoka. Nilizikuta kwenye mto, kwenye tundu la maji bafuni, na kwenye kitana zilijaa kila akichana. Hospitali walisema apumzike, ale vizuri, atashika mimba nyingine. Bibi alisema hilo ni jicho, na kama si jicho ni jambo kubwa zaidi.

Bibi alinipa kazi. Kila siku baada ya alasiri nizitoe nywele kwenye kitana cha mama, nizikunje kwenye karatasi, nikazifukie uani chini ya mti wa asumini. "Nywele ya mwanamke haitupwi ovyo," aliniambia. "Akiiokota mtu mbaya, kashampata mwenyewe. Umeskia?" Nilisikia. Nilizifukia kwa kijiko cha chai, nikaishindilia ardhi kwa kisigino.

Pia alimleta mtu wa kusoma, mzee mpole mwenye kikohozi, aliyesomea Kurani kwenye ndoo ya maji yenye majani ya mkunazi. Mama akaogeshwa kwa maji yale juu ya beseni kubwa. Maji yaliyobaki kwenye beseni Bibi hakuyamwaga msalani. Yeye na Dada Sesilia waliyabeba, mmoja huku na mmoja huku, mpaka pwani Azaiba, na mimi nikawafuata. Bibi akaingia baharini na nguo zake na kuyamimina.

"Nendeni na maji," alisema. "Nendeni mbali, msirudi tena."

Mbali, na kutorudi tena. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo, kwa baba, pale Qurum. Mtoto akiunganisha mambo mawili hamwulizi mtu. Nilisimama pale, maji yananilamba vifundo, nikaelewa mambo yote kwa mpigo mmoja, au nilidhani nimeelewa: kwa nini baba hali samaki wake, kwa nini anawaminyia ndoana zisiwachane, kwa nini anawatazama hivyo kabla hajawaachia. Alikuwa akiwatuma. Kila samaki aliondoka na kitu. Na kama maradhi ya mama yalikuwa bado hayajaondoka, ni kwa sababu wale nzi walikuwa wa manyoya ya kuku. Walibeba mambo ya kuku. Hakuna aliyefikiri kumfunga nzi kwa kitu cha mama mwenyewe.

Siku ya pili sikuzifukia nywele. Nilikwenda kwenye jiliwa, nikabana ndoana ya baba, nikaanza. Nywele za mtu ni shida kuzifunga, zinateleza. Nililowesha uzi kwa mate, uzi mwekundu, ndio uliokuwa umebaki, nikazungusha na kukaza, nikazungusha na kukaza. Na kwa kuwa nilitaka liwe jambo la kheri, nikafanya kama Bibi alivyonifundisha kufanya kabla ya kulala: nikasoma kul-audhu birabbil-falaq mara tatu, nikapuliza. Sura ile yenyewe inaomba kinga dhidi ya wanaopulizia mafundo. Nilikuwa nimeihifadhi vizuri sana na sikujua neno moja maana yake. Mwisho nikapaka rangi ya kucha, nikapungia kwa daftari ikauke.

Dada Sesilia alikuwa anapiga pasi pembeni yangu.

"Huyo nzi mweusi amekuja vizuri," alisema. "Ni wa nini?"

"Wa Baba. Ni siri."

"Haya. Siri."

Baba alibakiza siku sita kurudi. Nikamkunja nzi wangu kwenye karatasi laini, nikamtia chini ya godoro la Dada Sesilia, upande wa ukutani, karibu na kopo la manyoya. Pale ndipo mahali pekee ndani ya nyumba yetu ambapo Bibi hakuwa akiingia.

Siku ya tatu mama alianguka jikoni. Hakujikwaa, alishuka tu, na sahani aliyoshika ikavunjika chini yake. Mjomba, kaka yake mama, alikuja na gari, wakampeleka hospitali, wakamlaza. Nilibaki uani peke yangu nikiogopa kurudi ndani, kwa sababu akili yangu ya miaka tisa ilikuwa imeshafika mbali. Nilikuwa nimeyafunga maradhi ya mama. Nimeyafunga na kuyakaza, nikayapaka na rangi yasifunguke, na hakuna samaki aliyekwenda nayo. Yalikuwa pale chini ya godoro, yamemkaba mama. Na sikuthubutu kwenda kumfungua yule nzi, maana niliogopa nikikosea fundo moja mama atakufa.

Mtu wa kusoma alimwambia Bibi: tafuteni ndani ya nyumba. Bibi na mjomba wakatafuta. Walianza chumbani kwa mama, wakaja sebuleni, wakapasua mito, na mchana wa siku ya nne wakafika nyuma. Nilisikia godoro linaanguka sakafuni. Kisha Bibi akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena kwa mtu.

Walimweka Dada Sesilia katikati ya chumba cha kufulia. Nzi wangu alikuwa juu ya meza, kwenye sahani, na Bibi alikuwa amemmwagia chumvi. Kopo la manyoya lilikuwa limemwagwa sakafuni.

"Hii nini?" mjomba aliuliza.

"Sijui, kaka."

"Hujui! Kimetoka kitandani kwako na hujui?"

"Ndoana kaiba ya mwanangu," Bibi alisema. "Nywele kaziokota kwenye kitana cha mkamwanangu, nnazijua mie, si hizi hapa? Uzi mwekundu, mafundo, na juu kapaka dawa ya kung'ara. Na manyoya ya majogoo kajiwekea akiba. Miaka mitatu, Sesilia! Miaka mitatu unatupikia, tunakula mkononi mwako, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Bibi, haki ya Mungu mimi sijafanya kitu kama hicho. Jamani. Mama ni kama dada yangu."

"Nani kakutuma? N'ambie jina tu. Nani kakutuma umfunge kizazi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Dada Sesilia akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba, alinitazama tu kwa muda, kama unavyomtazama mtoto uliyemwuliza swali darasani na unajua jibu analo. Mjomba akayafuata macho yake mpaka kwangu, na Bibi akanivuta haraka nyuma ya kanga yake.

"Usimtazame mtoto! Astaghfirullah, usin'tazamie mtoto!"

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Nikauma kanga ya Bibi, iliyonuka udi na chumvi, na nikanyamaza. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Janga langu nililichuma mwenyewe kwa mikono yangu, akalila mtu wa Singida.

Mjomba alimpeleka mchana uleule kwenye ofisi ya mawakala iliyomleta, Hamriya. Alipewa muda wa kujaza begi moja na Bibi akasimama kumtazama anachotia. Jioni mzee wa kusoma akaja, akamfungua nzi wangu ndani ya bakuli la maji ya chumvi, fundo kwa fundo, huku anasoma na kukohoa. Nywele zikafukiwa, ndoana ikatupwa baharini. Baba hakuambiwa. "Mambo haya hayasemwi kwenye simu," Bibi alisema.

Na mama akapata nafuu! Hospitali safari hii walimpima damu vizuri, wakaona tezi yake ya shingo haifanyi kazi, wakampa vidonge. Alirudi nyumbani baada ya siku mbili, na baada ya wiki alikuwa anakaa uani. Vidonge vile anavimeza mpaka leo, kila asubuhi kabla ya chai, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia alipona kwa sababu alifunguliwa. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa mwaka uliofuata. Nani atabishana na mtoto mchanga?

Baba alirudi siku yake, na vumbi la jangwani kwenye nyusi. Bibi alimsimulia mezani, mbele ya mama, na mimi nilikuwa pale nikichezea wali. Aliposimulia ndoana, baba aliendelea kula. Aliposema uzi mwekundu, akapunguza. Aliposema, "na juu kapaka kitu king'aacho, mwanangu, kinanuka kama rangi ya kucha," baba aliweka tonge sahanini na kuniangalia. Nilijua amejua. Dunia nzima walikuwa watu wawili tu waliokuwa wakimaliza fundo namna ile.

Asubuhi yake baba akaniambia nivae viatu vya maji.

Tulikwenda Qurum kama kawaida, maji yamepwa, jua bado halijakaza. Hakufungua ufito. Alisimama kwenye maji ya magotini, mimi pembeni yake, vijana wa Kihindi wanacheza kriketi nyuma yetu kwenye mchanga mgumu.

"Ulimfunga wewe," alisema.

Nikalia. Nikamwambia yote, samaki, maji ya Bibi, mbali na kutorudi, na kwamba nilitaka kumponya mama na nusura nimwue. Baba alinishika mabega akainama mpaka suruali yake ikaloa.

"Thuwaiba, sikiliza. Hukumdhuru mama yako. Nywele ni nywele, mwanangu. Hazifanyi kitu. Samaki ninawaachia kwa sababu sina haja nao, basi. Hakuna zaidi."

Sijui kama nimewahi kupata raha kama ile tena. Na hapohapo, kwa kuwa sikuwa mchawi tena, nikakumbuka.

"Basi Dada Sesilia anaweza kurudi?"

Baba akatazama baharini. Kivuli kikapita mbele yetu, kikubwa, na hakukigeukia.

"Twende," alisema. "Twende tukawaambie."

Njia nzima mpaka Hamriya nilifanya mazoezi ya sentensi yangu. Ni mimi niliyemfunga, Dada hana kosa. Niliisema kimoyomoyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, endapo watataka Kiarabu.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mazulia. Wanawake sita au saba walikuwa wamekaa kwenye benchi refu ukutani, kila mmoja na begi lake miguuni. Dada Sesilia alikuwa wa mwisho, karibu na dirisha, na kati yake na mwenzake kulikuwa na nafasi ya watu wawili iliyoachwa tupu. Nilielewa hata mimi kwa nini. Aliniona, akataka kutabasamu.

Karani alikuwa mtu wa kwetu, Kiswahili chake cha Unguja kabisa. Alimkaribisha baba, akaulizia hali ya mama, akasema yule mwanamke ataondoka keshokutwa.

"Nimekuja kwa hilo," baba alisema. "Pametokea makosa. Huyu dada hakufanya kitu."

Karani akashangaa. "Shemegi yako mwenyewe kaja hapa kaapa. Kitu kimekutikana chini ya godoro lake."

"Najua. Lakini si chake."

"Si chake." Karani akavuta faili, akafungua kalamu. "Basi cha nani? N'ambie niandike, maana hapa keshaandikwa sihri, uchawi, na mie siwezi kufuta neno lile nikaacha patupu."

Nilivuta pumzi. Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nikamtazama baba anipe ishara.

Baba alikuwa anaitazama ile kalamu. Nimeshawaza jambo hili miaka mingi kuliko alioishi yeye baada ya pale. Angeweza kusema ni mtoto, alicheza. Mtu angesema binti wa fulani kafunga kizazi cha mamake, na Maskati ya Waswahili ni ndogo, na mimi nina kuolewa mbele yangu. Hilo ndilo nililomwekea kama udhuru kwa muda mrefu. Lakini angeweza pia kusema ni changu, ni chambo cha samaki, mimi ndiye ninayevitengeneza. Ingetosha, na ilikuwa nusu ya ukweli. Nimekuwa mke wa mtu ndipo nikalijua swali alilolikimbia: na chambo chako, chenye nywele za mkeo, kimefikaje kitandani kwa mfanyakazi? Mjomba angeuliza. Mama angeuliza. Baadaye baba alisema alikuwa akinilinda mimi, na mimi naamini alikuwa akijilinda yeye.

"Hatujui cha nani," alisema.

Karani akafunga kalamu. "Basi, ndugu yangu, tuache kama palivyo. Ngoja nikakuletee maji." Akatoka.

Dada Sesilia alinyanyuka kwenye benchi akaja mpaka mezani. Aliongea polepole, kwa sauti ile nzito, ili wenzake wasisikie.

"Baba Thuwaiba, mimi nilimwona akikifunga. Sikujua nywele za nani. Ningesema siku ileile, lakini Bibi alikuwa kama amerukwa na akili, nikaogopa atamfanya nini mtoto. Nikasema atasema mwenyewe. Au wewe ukija utasema."

Baba akageuza macho kwenye benchi.

"Yule wa kwanza pale ni wa Singida," Dada Sesilia alisema, bila kugeuka. "Ameshapiga simu nyumbani. Kwetu jina la mchawi halifutiki, Baba. Mtu akiitwa hivi anahama, na asipohama wanamhamisha wao. Mimi mama yangu anakaa peke yake."

"Nitazungumza nao," baba alisema. "Nitaona la kufanya."

"Utazungumza na nani?"

Akageuka akaniangalia mimi, na mimi nikatazama viatu vya baba, vya ngozi, vilivyokuwa bado na mchanga wa Qurum pembeni. Sentensi yangu ilikuwa bado mdomoni, kwa lugha mbili. Nafasi ilikuwa ileile, na hakuna aliyenikataza. Nikaimeza.

"Haya," Dada Sesilia alisema. "Mpeleke nyumbani, jua limeshakuwa kali." Akarudi akakaa kwenye benchi lake.

Garini viti vilikuwa vinaunguza. Baba hakuwasha gari, alikaa tu ameshika usukani, jasho likimshuka shingoni. Nilidhani amenikasirikia. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa changu.

"Umefanya vizuri kunyamaza," alisema. "Umekuwa mtu mzima."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.